Sifuri Iko Wapi

Ukiingia soko la kambi ya wakimbizi ya Hagadera, Kenya, asubuhi, utasikia jenereta kabla hujayaona maduka. Kwa miaka mingi umeme wa soko hili umekuwa biashara ya watu binafsi: mwenye jenereta huvuta nyaya hadi kwenye vibanda vya majirani, na kila mwenye kibanda humlipa kulingana na taa, friji au mashine anayoiwasha. Palipo na umeme hawakosi wachomeleaji. Wanaunda milango, vitanda, madirisha, fremu za matangi ya maji na mikokoteni ya punda. Mkokoteni ndio lori la kambi hii. Unabeba maji, kuni, mgao wa chakula na mizigo ya wafanyabiashara kutoka kitongoji kimoja hadi kingine, kwenye mchanga unaotafuna beringi na kupindisha ekseli.

Hagadera ilifunguliwa mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya Ifo, wakati watu walipokuwa wakivuka mpaka kukimbia vita vya Somalia. Kambi tatu za kwanza za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa watu 90,000 kwa jumla. Kufikia njaa ya 2011 eneo zima la Dadaab lilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Mtoto aliyezaliwa Hagadera ilipofunguliwa sasa amepita miaka 30, na pengine mikono yake imeshika chuma tangu alipokuwa akimshikia mjomba wake taa ya tochi chini ya mkokoteni. Sura hii inamhusu yeye na wadogo zake. Nataka kuonyesha kwamba ufundi wa mashine za CNC, ambao wengi huuhesabu kuwa wa viwanda vya mbali, una sehemu kubwa inayoweza kuanza kujifunzwa pale pale alipo, na kwamba sehemu hiyo ndiyo iliyo ngumu zaidi.

Kazi ya kuchomelea huvumilia milimita mbili. Mlango ukienda upande kidogo, bawaba hupigwa nyundo na mlango ukafunga. Lakini ipo siku ambayo sahani ya chuma inayoshikilia dinamo kwenye injini ya jenereta hupasuka. Fundi anaweza kukata sahani nyingine kwa gesi, akatoboa matundu manne kwa kekee ya mkono, na ikaingia baada ya kupanua tundu moja au mawili. Injini itawaka. Ila mhimili wa injini na mhimili wa dinamo haitakuwa kwenye mstari mmoja. Itatofautiana kwa unene wa kucha, na tofauti hiyo itageuka mtetemo, na mtetemo utaua beringi. Kipuri cha namna hiyo ndicho kinachopakiwa kwenye basi kwenda Garissa, mwendo wa kilomita kama 100, au kuendelea hadi Nairobi, kilomita nyingine zaidi ya 350. Wakati huo wote vibanda vilivyotegemea jenereta hiyo viko gizani.

CNC ni mashine inayofuata namba. Katika mashine ya kawaida ya kuchonga chuma, fundi huzungusha magurudumu kwa mkono: moja linasogeza meza kushoto na kulia, la pili mbele na nyuma, la tatu linapandisha na kushusha kikatio. Katika CNC, kila gurudumu limeondolewa na mahali pake pakawekwa mota inayoamriwa na kompyuta. Mielekeo hiyo mitatu inaitwa X, Y na Z. Fundi huandika orodha ya amri: nenda hapa, shuka kiasi hiki, kata kwa kasi hii. Mashine hutii, kipande cha kwanza na cha mia.

Wazo hili lilizaliwa kwenye mabawa ya helikopta. John Parsons, mwenye karakana huko Traverse City, Michigan, pamoja na mhandisi wake Frank Stulen, walitakiwa kutengeneza violezo vya umbo la bawa linalopinda polepole, umbo ambalo mkono hauwezi kulifuata kwa uhakika. Wakatumia mashine za hesabu za IBM kukokotoa nukta nyingi za mkunjo huo, kisha wakachonga nukta baada ya nukta. Jeshi la anga la Marekani likagharimia utafiti, chuo cha MIT kikaingia, na mwaka 1952 mashine ya kwanza ya kuchonga kwa namba ikaonyeshwa hadharani, ikisoma amri zake kwenye utepe wa karatasi wenye matundu.

Kenya nayo ina kisa chake, na ni kisa kinachostahili kukumbukwa zaidi ya anavyokikumbuka mwananchi wa kawaida. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata likiwa si zuri wala la kasi. Mwaka 1990 magari ya majaribio yaliyopewa jina Nyayo Pioneer yakaonyeshwa Nairobi. Ili kuyatengeneza kwa wingi kukaundwa kampuni ya Nyayo Motor Corporation. Gari hilo halikufika sokoni, na Wakenya wengi huishia hapo wanapolisimulia. Kilichobaki ni karakana. Kampuni ilibadilishwa kuwa Numerical Machining Complex, shirika la serikali lililoko upande wa karakana za reli jijini Nairobi, lenye mashine za CNC na kazi ya kuchonga vipuri vya viwanda. Gari lilikufa, mashine na watu waliojifunza kuziendesha walibaki. Naona hilo ni jambo la kuheshimiwa, kwa sababu nchi isiyojua kuchonga gia yake yenyewe huagiza kila kitu, hata kilicho kidogo kama pini.

Baadaye mashine za namna hii zilienea vyuoni. Katika muongo uliopita serikali ilifanya makubaliano na kampuni ya China ya AVIC International kuleta vifaa vya karakana katika vyuo vingi vya kiufundi, na mwaka 2014 kampuni hiyo hiyo ikaanzisha mashindano ya Africa Tech Challenge, ambapo wanafunzi hushindana kwa kutengeneza kipande kulingana na mchoro, na kazi zao hupimwa. Hapo ndipo mchoro ulipopata heshima yake, kwa sababu kipande kizuri machoni kilichozidi kipimo kwa sehemu ndogo ya milimita hakipati alama.

Turudi kwenye ile sahani ya dinamo, tuifuate hatua kwa hatua. Tuseme ina urefu wa milimita 120, upana 80 na unene 12, na matundu manne ya milimita 11 kwa ajili ya bolti za M10. Kitovu cha kila tundu kiko milimita 15 kutoka ukingoni.

Kabla ya amri yoyote kuandikwa, fundi anakabiliwa na swali moja: sifuri iko wapi? Mashine haijui sahani iko wapi mezani. Inajua tu mahali pake yenyewe, kona fulani ambayo mtengenezaji aliichagua kiwandani. Ni lazima fundi aiambie kwamba, kwa kazi hii, tunahesabu kuanzia kona ya mbele ya kushoto ya sahani, na kwamba Z ni sifuri kwenye uso wake wa juu. Ataifunga sahani kwenye jiliwa, ataweka kwenye spindo, yaani mhimili unaozungusha kikatio, pini ya kutafutia ukingo, kisha ataisogeza taratibu mpaka iguse ubavu wa sahani. Pini yenye kipenyo cha milimita 10 inapogusa ukingo, kitovu cha spindo kiko milimita 5 nje ya sahani. Akisahau hizo 5, matundu yote manne yatahama pamoja. Yatakuwa na nafasi sahihi kati yao, yatakuwa mazuri, na hayataingia kwenye injini.

Kisha kuna namna ya kushika. Kekee itatokeza chini ya sahani, kwa hiyo sahani haiwezi kukaa juu ya kitako cha jiliwa. Inainuliwa kwa vipande viwili vya chuma vilivyonyooka, kimoja kila upande, chini ya kingo ndefu. Hapa ndipo hesabu ndogo inapookoa kazi. Kitovu cha tundu kiko milimita 15 kutoka ukingoni, nusu ya kipenyo chake ni 5.5, kwa hiyo ukingo wa tundu unaanza milimita 9.5. Vipande vya kuinulia vikiwa na unene wa milimita 10, kekee itavila. Vikiwa na unene wa milimita 6 au 8, kazi itapita. Hakuna kompyuta itakayomwambia fundi jambo hilo asipolifikiria mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo programu huandikwa. Kwa sahani hii, matundu yakiwa yameshatiwa alama kwa kekee fupi ya kuanzishia, inatosha hivi:

G21 G90 G17
T1 M6
G54
S720 M3
G0 X15. Y15.
G43 H1 Z25. M8
G83 X15. Y15. Z-16. R2. Q3. F100.
X105.
Y65.
X15.
G80 M9
G0 Z100.
M30

Mstari wa kwanza unasema tunatumia milimita na kwamba kila nukta inahesabiwa kutoka kwenye sifuri. T1 M6 inaleta kifaa namba 1. G54 ndiyo ile sifuri tuliyoitafuta kwa pini. S720 M3 inaizungusha spindo mara 720 kwa dakika. G43 H1 inaiambia mashine urefu wa kekee, na M8 inafungua maji ya kupozea. G83 ndiyo amri ya kutoboa kwa vipindi: shuka milimita 3, panda kutoa chembe za chuma, shuka tena, mpaka kina cha 16. Mistari mitatu inayofuata ni matundu yaliyobaki, kila mmoja ukitaja tu kinachobadilika. Sahani ina unene wa 12, lakini ncha ya kekee ina umbo la pia, na kwa kekee ya milimita 11 ncha hiyo inachukua milimita 3 na ushei. Kwa hiyo tunashuka hadi 16 ili tundu litoke kamili upande wa pili.

Namba 720 haikuokotwa. Kekee ya chuma cha kasi ikikata chuma laini huenda vizuri kwa mwendo wa mita kama 25 kwa dakika kwenye ukingo wake. Zidisha 25 kwa 1,000, gawanya kwa 3.14 mara 11, upate karibu 724. Mwendo wa kushuka, milimita 100 kwa dakika, unatokana na kuiacha kekee ile milimita 0.14 kwa kila mzunguko. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza hesabu hii. Anayeijua hataiunguza kekee, na anayebahatisha atanunua kekee mpya kila wiki.

Tazama pia zile nukta baada ya 15, 105 na 65. Katika baadhi ya mashine, hasa za zamani, namba iliyoandikwa bila nukta husomwa kama elfu za milimita: X15 huwa milimita 0.015. Mashine haitalalamika. Itatoboa matundu yote karibu mahali pamoja, kwenye kona.

Ndiyo sababu kipande cha kwanza huendeshwa hewani. Fundi huipandisha sifuri ya Z kwa milimita 100, hubonyeza kitufe cha kuanza huku kidole kingine kikiwa kwenye kitufe cha kusimamisha, na hutazama kekee ikicheza ngoma yake yote juu ya sahani bila kuigusa. Anatazama kama inakwenda kwenye pembe nne. Anatazama kama itagonga taya za jiliwa. Anasikiliza. Akiridhika, anairudisha Z mahali pake, anaendesha amri moja moja kwa tundu la kwanza, na baada ya hapo ndipo anaiacha mashine ijiendeshe.

Ukiangalia vizuri, kubonyeza kitufe ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kazi hii. Kilicho kikubwa ni kusoma mchoro, kupima, kuamua sifuri, kuamua jinsi ya kushika, kupanga nini kikatwe kwanza, kukokotoa mwendo, na kuyaona makosa kabla hayajatokea. Karibu yote hayo yanaweza kufundishwa Hagadera kesho asubuhi.

Kwanza ni kupima. Kalipa ya venia na mikromita ni vifaa vidogo, havihitaji umeme, na havina faida mikononi mwa asiyevizoea. Mwanafunzi apewe vipande kumi vya chuma avipime leo, avipime tena kesho bila kuangalia alichoandika, alinganishe. Hagadera pia inafundisha somo ambalo karakana yenye kiyoyozi hailifundishi. Vipimo vya kiwandani duniani kote huhesabiwa kwa joto la nyuzi 20. Mchana wa Hagadera hupita nyuzi 35 bila shida. Kipande cha aluminiamu cha milimita 200 kikiwa kwenye nyuzi 36, kikapimwa kwa kalipa ya chuma iliyo na joto hilo hilo, kitaonekana kirefu kwa milimita kama 0.035 kuliko kilivyo kwa nyuzi 20, kwa sababu aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa mlango hiyo si kitu. Kwa kiti cha beringi, ni tofauti kati ya kuingia na kutoingia. Anayejifunza hapa atajua kwa nini mafundi hupima alfajiri au huacha kipande kipoe kivulini kwanza.

Pili ni tupa. Najua kijana anayeota kompyuta hapendi kuambiwa ashike tupa, lakini mtu aliyewahi kuunyoosha uso wa chuma kwa tupa mpaka ukakaa sawa kwenye kona mraba, anaelewa kwa mikono maana ya uso tambarare na pembe ya nyuzi 90. Mashine itakapompa uso uliopinda, ataugundua.

Tatu ni programu za kompyuta, na hapa dunia imekuwa na ukarimu wa kweli. FreeCAD ni ya bure: unachora kipande, kisha ndani yake mna sehemu ya kutengeneza njia za kikatio. CAMotics, bure pia, husoma amri za G na kuonyesha kwenye skrini chuma kikikatwa, kwa hiyo kosa la nukta au la kina unaliona bila kuvunja kitu. LinuxCNC, ambayo huendesha mashine halisi, inaweza kuwashwa kwenye kompyuta peke yake ikijifanya ina mashine. Mwanafunzi anaweza kujizoeza kuweka sifuri, kupakia programu na kusimamisha kwa dharura. Zote tatu hupakuliwa mara moja na baadaye hazidai intaneti. Kompyuta moja ya mkononi iliyotumika inatosha kwa wanafunzi watano, mmoja akiandika na wanne wakimkosoa.

Kwa hiyo mfadhili akiniuliza aanze na nini, sitamwambia alete mashine kubwa. Mashine hiyo inataka umeme wa fezi tatu usioyumba, na umeme wa jenereta za soko huyumba kila friji zinapowaka. Inataka hewa kavu na safi, na vumbi la Hagadera huingia hata kwenye saa. Inataka mtu wa kuitengeneza. Inauma kufikiri kwamba kituo cha umeme wa jua cha Garissa, cha megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019, kiko katika kaunti hiyo hiyo, lakini umeme wake unakwenda kwenye gridi ya taifa, nayo karakana ya mchomeleaji wa Hagadera imezoea kunguruma kwa dizeli. Afadhali mfadhili alete kalipa kumi, mikromita, saa ya kupimia mpindo, majiliwa, meza imara, kompyuta mbili, na mashine ndogo ya mezani ya kukata mbao na aluminiamu ambayo paneli chache za jua na betri zinaweza kuilisha. Amri zake ni zile zile za G.

Mafunzo ya ufundi si mageni kambini. Shirika la Norwegian Refugee Council limeendesha vituo vya vijana Dadaab kwa miaka mingi, wanafunzi wakijifunza kuchomelea, umeme, ushonaji na kazi nyingine, na kufanya mitihani ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, ambayo cheti chake kinatambuliwa na waajiri Kenya nzima. Msingi upo. Kinachokosekana ni ngazi inayofuata, na ngazi hiyo iko nje ya kambi. Polytechnic ya kitaifa iliyo karibu ni North Eastern National Polytechnic mjini Garissa. Ili mkimbizi afike huko anahitaji kibali cha kutoka kambini, na vibali hivyo vina sababu na muda. Ili aajiriwe baadaye anahitaji kibali cha kazi cha daraja M.

Ufundi huu unachukua miaka, na miaka inahitaji uhakika. Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba Dadaab itafungwa. Februari 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kufungwa huko ni kinyume cha katiba. Kati ya tarehe hizo mbili, kijana wa miaka 18 alipaswa kuamua kama aanze kozi ya miaka miwili. Kambi ya Kambioos, jirani wa Hagadera, ilifungwa kweli mwaka huo wa 2017. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, imefungua mlango mpana zaidi wa kufanya kazi, na mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kuzigeuza kambi ziwe makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wanaishi na kuhudumiwa pamoja. Naunga mkono mwelekeo huo kwa moyo wote. Kwa fundi chuma, kipimo chake ni cha wazi: je, mwanafunzi wa Hagadera anaweza kupata kibali cha muhula mzima, bila kukatishwa katikati, aende Garissa au Nairobi akasimame mbele ya mashine yenyewe?

Akipata muhula huo, na akiwa amefika na misingi yake, hatapoteza wiki za mwanzo akifundishwa kusoma venia. Siku ya kwanza ataweka saa ya kupimia kwenye spindo, ataipitisha kwenye taya ya jiliwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na sindano ikisogea ataigonga jiliwa kwa nyundo ya plastiki, apitishe tena, mpaka sindano itulie. Kisha atakaza bolti, na atapitisha saa mara moja zaidi, kwa sababu kukaza huisogeza.